Jigi ya Krismasi katika Shule za Msingi za Arua na Koboko

Jigi ni mahadhi ya ngoma ya Ayalandi yenye mapigo sita mepesi katika kila kipimo, yaliyofungwa mafungu mawili ya matatu matatu. Mguu hukanyaga mara mbili, na juu yake sauti ndogo sita zinakimbia: moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, huku moja na nne zikitiwa uzito. Kwa kawaida jigi ina sehemu mbili za vipimo vinane, kila sehemu ikirudiwa mara moja kabla ya kuipisha nyingine, hivyo duru nzima ni vipimo 32. Wachezaji wa Ayalandi huenda kwa mikanyago 110 hadi 120 hivi kwa dakika. Mtoto wa darasa la pili akiimba maneno kwa kasi hiyo atameza nusu yake.

Zipo nyimbo za Krismasi zilizotungwa kwa mahadhi haya. Mmoja wa zinazojulikana sana duniani ni "Christmas in Killarney", nao haukutoka Ayalandi. Uliandikwa Marekani na John Redmond, James Cavanaugh na Frank Weldon mwaka 1950. Dennis Day akaurekodi mwaka huohuo na Bing Crosby akafuata mwaka 1951. Killarney ni mji wa kweli, uko katika kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi, ila Killarney ya wimbo ni ya watu waliokuwa ng'ambo ya bahari wakiiwazia. Kwa hiyo mwalimu wa Arua au Koboko anayesita kwa sababu wimbo si wa kwao asisite. Hata walioutunga walikuwa wameazima.

Mtu asiyewajua watoto wa West Nile, eneo la Uganda zilipo Arua na Koboko, angedhani ugumu uko kwenye mapigo. Hauko huko. Mapigo sita watoto hawa wanayo mwilini kabla hawajaanza shule; kinachowasumbua ni maneno, urefu wa ngazi ya sauti, na wingi wao darasani.

Nyimbo za kigeni zilivyoingia

West Nile ilijiunga na Uganda kwa kuchelewa. Ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilopangishiwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Leopold alipofariki Desemba 1909, Lado ikarudi chini ya Sudan mwaka uliofuata, na mwaka 1914 upande wa kusini ukahamishiwa Uganda. Arua ilianzishwa kama makao ya serikali wakati huo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Mvara, kando ya mji, mwaka 1918. Upande wa Kikatoliki kazi ilishikwa na wamisionari Wakomboni, wengi wao Waitaliani.

Wamisionari wa Ayalandi walikwenda kwingine. Teresa Kearney, aliyejulikana zaidi kama Mama Kevin, alifika Nsambya, Kampala, mwaka 1903, na masista wake wakaenea Buganda na mashariki mwa Uganda. Masista wa Loreto, shirika lenye mizizi Ayalandi, waliingia Kenya mwaka 1921 wakafungua shule. Mtoto wa Nairobi aliyesoma kwa masista hao aliweza kujifunza wimbo wa Kiayalandi kutoka kinywani mwa Mwayalandi. Mtoto wa Koboko hakupata bahati hiyo. Alichopata ni tenzi za Kiprotestanti, nyingi zikiwa za mwendo wa mapigo manne yaliyonyooka, na nyimbo za Kanisa Katoliki. Waitaliani wana wimbo wao mashuhuri wa Krismasi wenye mwendo wa mapigo sita, "Tu scendi dalle stelle", wa Mtakatifu Alfonso wa Liguori, lakini huo ni wa polepole, wa kubembeleza mtoto alale. Jigi ni ya kumwamsha.

Baadaye zikaja redio, kanda na simu. Redio za Arua, ikiwemo Radio Pacis iliyoanzishwa na jimbo Katoliki mwaka 2004, hutangaza kwa lugha kadhaa za eneo pamoja na Kiingereza, na simu ya mkononi sasa inampa mwalimu wimbo wowote. Ndiyo njia ambayo jigi ya Krismasi inaweza kufika darasani leo: mwalimu ameusikia wimbo, ameupenda, na sasa anatafuta namna ya kuugawa kwa watoto themanini.

Mapigo wanayo tayari

Walugbara wana agwara, tarumbeta zinazopulizwa ubavuni, zilizotengenezwa kwa ukubwa mbalimbali. Kila mpulizaji ana nota yake moja au mbili tu. Hakuna anayebeba wimbo peke yake. Wimbo unatokea pale nota za huyu zinapoingia katika nafasi alizoacha yule. Mtoto aliyekulia karibu na ngoma ya namna hii amezoea kungoja zamu yake katikati ya mapigo yanayokimbia, jambo ambalo kwaya nyingi za mjini hulifundisha kwa jasho.

Zaidi ya hapo, ngoma nyingi za Afrika Mashariki huchezwa juu ya mapigo sita au kumi na mawili ambayo yanaweza kusikika kwa mafungu ya matatu au ya mawili, na mara nyingi yanasikika kwa namna zote mbili pamoja. Mkono mmoja unapiga mara mbili, mwingine mara tatu, katika muda uleule. Hapa ndipo jigi na ngoma ya nyumbani zinapotofautiana. Mwayalandi anashika moja na nne bila kuyumba. Mtoto wa Arua akiachwa ajipigie makofi, baada ya vipimo vichache ataanza kupiga moja, tatu na tano. Mwalimu asimgombeze. Mtoto hajapotea, amesikia mlango mwingine wa mapigo yaleyale. La kufanya ni kuwapa watoto wachache wenye mkono mzuri kazi hiyo ya tatu-juu-ya-mbili katika sehemu ya pili ya wimbo, na darasa zima libaki kwenye moja na nne. Kwa sikio langu wimbo unanoga zaidi hivyo kuliko ulivyo kwenye rekodi.

Kalenda na darasa

Muziki katika shule za msingi za Uganda una kibali cha mtaala lakini hauna ulinzi wa mtihani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii yanayochanganywa na elimu ya dini. Kisichotahiniwa huliwa na kinachotahiniwa, na kipindi cha muziki hugeuka kwa urahisi kuwa cha mazoezi ya hesabu. Mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, ambayo walimu wote wanayaita MDD, huamsha kwaya kwa miezi michache, lakini huchukua watoto wachache waliochaguliwa, na darasa lililobaki linakaa kutazama.

Kipindi cha wimbo wa Krismasi ni kifupi na kina sura yake. PLE hufanywa mapema Novemba. Ikishapita, darasa la saba wanakwenda nyumbani, na shule inapoteza sauti zake zilizokomaa kwa siku moja. Waliobaki wanafanya mitihani yao ya mwisho wa mwaka na kufunga mapema Desemba. Mwalimu ana wiki tatu hivi, na viongozi wa wimbo itabidi watoke darasa la tano na la sita. Anayewategemea wa darasa la saba atajikuta Novemba na kwaya isiyo na kichwa.

Halafu kuna idadi. Darasa la watoto mia moja si ajabu katika eneo hili, hasa shule zilizo ndani au karibu na makazi ya wakimbizi: Rhino Camp upande wa Arua, au Lobule katika wilaya ya Koboko, ambako Wakongo walianza kupokewa mwaka 2013. Katika darasa la namna hiyo kumsikiliza mtoto mmoja mmoja haiwezekani. Lakini jigi ina sehemu mbili zinazorudiwa, kwa hiyo darasa linajigawa lenyewe: nusu inaimba sehemu ya kwanza, nusu inajibu kwa kurudia, kisha wanabadilishana kwenye sehemu ya pili. Kila mtoto anapata nafasi ya kuvuta pumzi na, jambo la maana zaidi, nafasi ya kusikiliza.

Namna ya kuufundisha

Siku ya kwanza kusiwe na maneno wala sauti ya kuimba. Mwalimu achore maduara sita ubaoni, la kwanza na la nne yakiwa makubwa. Watoto wakanyage chini kwenye makubwa na wapige makofi mepesi kwenye madogo. Polepole: mikanyago 60 kwa dakika, yaani sawa na mshale wa sekunde wa saa ya ukutani. Wakiizoea, mwalimu afute maduara madogo na kubakiza mawili, makofi yakiendelea. Mwisho afute yote. Kama makofi hayajasambaratika ubao ukiwa mtupu, darasa liko tayari.

Ndipo uje wimbo wenyewe bila maneno, kwa silabi moja ya kuchezea mdomo, "la" au "di". Walimu wengi wa kwaya hufundisha kwa solfa, mfumo uliobuniwa na Sarah Glover wa Uingereza na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na hapa unafaa sana kwa sababu hauhitaji kitabu wala kinanda. Mwalimu anaonyesha kwa mkono, watoto wanaimba. Njia ya agwara nayo inafaa: kila mstari wa madawati upewe nota moja ya solfa, na mwalimu aelekeze kidole huku na huku mpaka wimbo utokee vipande vipande kutoka pembe za darasa. Watoto huuona kuwa mchezo, na wakati huohuo masikio yao yanajifunza umbali kati ya nota na nota.

Tahadhari iko kwenye ngazi ya sauti. Jigi nyingi ziliundwa kwa fidla na filimbi, ala zisizojali kupanda na kushuka. Koo la mtoto linajali. Kwa watoto wa miaka saba hadi kumi na miwili, eneo la starehe ni kutoka do ya katikati ya kinanda hadi re au mi ya ngazi inayofuata. Wimbo ukipita hapo, watoto hawanyamazi, wanapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo inayofanya kwaya nyingi za shule zisikike kama uwanja wa mpira. Mwalimu ashushe mahali pa kuanzia, au apige nota ya juu kabisa kwa ala na kuwaacha watoto washike ile iliyo chini yake.

Kasi iongezwe siku kwa siku: 60, kisha 72, kisha 84. Wakifika 96 inatosha. Hakuna sababu ya kuwafukuza wachezaji wa Dublin.

Maneno

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo walimu wengi wanapoharakisha. Maneno ya Kiingereza ya wimbo wa namna hii yana konsonanti zilizobanana na yanakwenda mbio. Mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, ambaye kwa mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 anatakiwa kufundishwa kwa lugha ya nyumbani, hayaelewi. Atayakariri kama dawa ya kikohozi. Tena yanazungumzia miti ya huko, wakati Desemba ya Koboko ni mwanzo wa kiangazi, njia zina vumbi na nyasi zimeanza kukauka. Mimi ningeyaacha yote, nibaki na mahadhi, nitunge maneno mapya.

Lugha za kutungia ni nyingi. Arua mjini mtoto anaweza kuwa na Kilugbara nyumbani, Kiingereza darasani, na Kiswahili au Kilingala sokoni. Koboko, ambako mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana, kuna Kikakwa pande zote tatu, na kuna Kinubi pia. Kilugbara na Kikakwa ni lugha za toni: sauti ikipanda au kushuka, neno linaweza kugeuka neno lingine. Wimbo unaopanda mahali ambapo neno linashuka huwafanya wazee wacheke pasipostahili. Kwa hiyo maneno ya Kilugbara yatungwe na mtu aliyezaliwa ndani ya Kilugbara, akiimba huku akitunga, wala yasitafsiriwe mezani kutoka Kiingereza.

Kiswahili hakina shida ya toni, ila kina sheria yake: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika jigi mkazo huo lazima uangukie duara kubwa. Chukua "wageni wafika". Silabi "wa" inatangulia kipimo, "ge" inakanyaga moja, "ni" na "wa" zinapita kwenye mbili na tatu, "fi" inakanyaga nne. Sawasawa. Sasa sema "wageni wamefika", jinsi tunavyosema kila siku. "Ge" bado ni moja, lakini nne imekaliwa na "me", na "fi", yenye mkazo, imesukumwa kwenye tano. Watoto wataimba "wamé-fika" na sentensi itachechemea. Silabi moja tu imezidi.

Ubeti mfupi unaokaa vizuri unaweza kuwa hivi:

Basi lavuka daraja la Pakwach,
wageni wafika na chungu jikoni.

Ukiupigia makofi utaona kila mkanyago umepata silabi yake nzito: ba, vu, ra, pa; ge, fi, chu, ko. Mtu angeweza kujaribu "daraja la mto" badala ya "daraja la Pakwach", na kwa hesabu ya silabi ni sawa, lakini mkazo unaangukia "m", na hakuna anayeweza kupaza sauti midomo ikiwa imefungwa. Zaidi ya hayo, Pakwach ndilo daraja ambalo kila basi la kutoka Kampala kuja Arua kwa njia ya Karuma hulivuka juu ya Nile, na mtoto anayemngoja mjomba siku za sikukuu analijua hata kama hajaliona. Beti zinazofuata zinaweza kuleta ugali wa enyasa na samaki wa angara mezani. Huo ni wimbo wa Krismasi ya West Nile, ingawa mahadhi ni ya Ayalandi.

Ala

Adungu ndiyo ala ya kwanza kufikiriwa. Ni kinubi cha upinde chenye asili kwa Waalur: mti uliochimbwa, ngozi juu yake, nyuzi zikipanda hadi kwenye shingo iliyopinda. Hutengenezwa kwa ukubwa tofauti, kutoka ndogo ya kushika mapajani hadi kubwa inayotoa besi, na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango wa ala za kienyeji katika ibada, zimekuwa kawaida katika makanisa ya eneo hili. Siku hizi nyingi zinalinganishwa kwa ngazi ya nota saba, kwa hiyo zinabeba jigi bila kurekebishwa. Adungu ndogo icheze wimbo, ya kati ijaze, kubwa ikanyage moja na nne.

Waayalandi hutumia bodhrán, ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi inayoshikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa kijiti. Shule isiyo na ngoma ya kutosha ina jerikani. Lita ishirini tupu ikipigwa kwa kiganja chini na kwa kijiti ubavuni hutoa sauti mbili, nzito na kali, na jigi haihitaji zaidi.

Sikukuu ni ya nani

Arua na Koboko si miji ya Wakristo peke yao. Kuna Waislamu wengi miongoni mwa Wakakwa, Wanubi na Waaringa wa jirani, na shule nyingi za serikali zina watoto wa dini zote hata kama mwanzilishi wake ni kanisa au Waislamu. Nyimbo za jigi za Krismasi zina nafuu hapa: kwa sehemu kubwa zinasifu mlango uliofunguliwa, wageni, chakula na kucheza. Maneno yakibaki hapo, wimbo uleule unaweza kurudi siku ya Idi kwa kubadilisha mstari mmoja. Shule inayotaka kuimba kuzaliwa kwa Yesu ina nyimbo nyingine tele za kazi hiyo, na mwalimu asimlazimishe mtoto wa Kiislamu kuziimba.

Jambo la mwisho ni haki za watunzi. "Christmas in Killarney" bado una wenyewe, na Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Kufundishia darasani ni jambo moja. Kurekodi, kurusha redioni au kuuza ni jambo lingine linalohitaji ruhusa. Jigi za kale za Ayalandi zisizo na mtunzi anayejulikana hazina mwenyewe wa kudai, ziko mamia, na yoyote kati yake itabeba maneno ya Arua bila kuombwa kibali. Ningemshauri mwalimu achague moja ya hizo. Asubiri PLE ipite, awachukue watoto wa darasa la tano na la sita, na siku ya kwanza awafundishe makofi tu.